Khofu, Nia na Kidonge cha Asubuhi

Tarehe 10 Julai 2011, jopo la wataalamu waliopewa dhamana ya kukagua mwendo wa utafiti mmoja mkubwa wa dawa, uliokuwa ukifanywa Kenya na Uganda, lilitoa shauri kwamba dawa bandia isitolewe tena kwa mshiriki yeyote, kwa kuwa lililokuwa likitafutwa lilikuwa limekwisha kubainika: kidonge kimoja kwa siku, kiwe ni cha tenofoviri peke yake au cha tenofoviri iliyochanganywa na emtrisitabini, kilikuwa kikimkinga mtu asiambukizwe virusi vya UKIMWI na mwenzi wake. Jozi 4,747 za wake na waume zilikuwa zikifuatiliwa katika Kisumu, Eldoret, Thika, Nairobi, Kampala, Jinja, Mbale, Tororo na Kabwohe, na katika kila jozi mmoja alikuwa na virusi na wa pili hana. Na katika jozi 62 kwa kila 100, huyo wa pili alikuwa mwanamume. Maambukizo ya waliomeza tenofoviri peke yake yalipungua kwa asilimia 67, na ya waliomeza mchanganyiko kwa asilimia 75, yakilinganishwa na ya wale waliopewa dawa bandia. Hadi siku ile hapakuwa na mshiriki aliyejua kama alichokuwa akimeza ni dawa au ni unga usio na kazi. Baada ya siku ile walijua.

Mwenye kupenda tafakuri hawezi kulipita tukio hili kama habari ya matabibu peke yao, kwa sababu bila ya kukusudiwa lilikuwa ni jaribio la swali ambalo wanazuoni wa dini na wa falsafa wamelibishania kwa karne nyingi, nalo ni hili: mwanadamu akiondolewa khofu ya matokeo ya tendo lake, atabaki kuwa yule yule aliyekuwa, au maovu yaliyofungiwa ndani yake yatavunja mlango na kutoka? Swali hili aghalabu hujibiwa barazani kwa kukisia, kila mtu akizihukumu nafsi za wenziwe kwa yale anayoyajua, na asiyothubutu kuyataja, juu ya nafsi yake mwenyewe. Safari hii walijibu watu wenye ndoa, mashamba na watoto, ambao jana walikuwa na shaka na leo wana yakini. Na jibu lao, kwa kadiri lilivyopatikana katika maelezo waliyoyatoa mwezi baada ya mwezi, lilikuwa kwamba jimai isiyo na mpira baina ya mume na mke haikuongezeka baada ya habari ile kutangazwa. Kwa wenzi wa nje iliongezeka kidogo: wachunguzi walikisia kwamba, laiti watu wale wasingaliambiwa, ingalikuwa mara 6.2 kwa mwaka, nayo ikawa mara 6.8. Tofauti hiyo ipo, na si haki kuificha. Walakini aliyekuwa amekaa juu ya paa akingojea gharika alikuwa na haki ya kushuka.

Hoja ya mwenye kuipinga dawa hii, ikielezwa kwa insafu na si kwa dhihaka, haitegemei hesabu hata kidogo, na kwa hivyo hesabu haziivunji. Yeye husema kwamba Muumba ameyaweka maumivu karibu na maasi kama vile boma lilivyowekwa ukingoni mwa jabali, si kwa chuki bali kwa rehema, ili yule ambaye hakuonywa na dhamiri aonywe na mwili. Na kwamba anayelibomoa boma lile kwa jina la huruma huwaua wengi zaidi ya wale aliowaokoa, kwa kuwa huwafundisha watu kutembea karibu na ukingo. Hoja hii ni kongwe. Mwaka 1943 ilipodhihiri kwamba penisilini huponya kaswende, walikuwako matabibu na makasisi walioona shida zaidi ya nafuu. Ilisemwa tena mwaka 1960 Marekani iliporuhusu kidonge cha kuzuia mimba. Na mwaka 1975 mwalimu mmoja wa uchumi wa Chicago, Sam Peltzman, ambaye hakuwa na habari na zinaa wala takwa, aliitoa kwa mavazi ya kitaaluma aliposema kwamba sheria za usalama wa magari zimewafanya madereva kuendesha kwa ujeuri kiasi cha kuzila faida zake zenyewe. Wataalamu waliomfuata wamebishana naye sana, na mikanda ya gari ingali ikifungwa.

Mimi naona kwamba kosa la hoja hii halimo katika khofu yake juu ya wanaume, maana wanaume tunawajua, bali limo katika heshima kubwa mno inayoipa khofu yenyewe. Imam Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, ameiweka khofu pamoja na matarajio katika mlango mmoja, akaifanya kuwa daraja miongoni mwa madaraja ya njia ya kumwendea Mungu. Nao wahubiri wetu, kwa uvivu wa fikra, wamelichukua neno lake na kulibandika juu ya kila woga. Khofu aliyoinena Ghazali ni khofu ya kumkosa Mola, wala si khofu ya usaha. Mwanamume ambaye kwa miaka thelathini hakutoka nje ya ndoa yake kwa sababu tu aliwaona rafiki zake wakikonda na kufa mmoja baada ya mmoja, alihifadhi mwili wake, na hilo ni jema. Lakini akidai kwamba amehifadhi pia takwa yake, ataulizwa aliihifadhi wapi, ikiwa kidonge kimoja cha rangi ya samawati chaweza kuja kuichukua. Katika visa vya Basra husimuliwa kwamba Rabia al-Adawiyya alionekana akikimbia barabarani na moto katika mkono mmoja na maji katika wa pili, akitaka kuichoma Pepo na kuizima Jahanamu, ili watu wapate kumwabudu Mungu kwa ajili yake Yeye mwenyewe. Sisemi kwamba wanakemia walioichanganya tenofoviri walikuwa mawalii. Nasema kwamba aliyekisikia kisa cha Rabia akakipenda, hana sababu ya kulia pindi moto mmoja wa hapa duniani unapozimwa.

Tena kuna jambo ambalo wapinzani hulipita mbio, nalo ndilo lililonifanya nianze na Thika na Tororo. Dawa hii, kwetu sisi Afrika ya Mashariki, ilithibitishwa ndani ya nikaha. Mume aliyekuwa mzima alikuwa akimwendea mkewe mwenye virusi, kwa haki aliyopewa na sharia na kanisa na mila, wakitaka mtoto au wakitaka kitulizo tu cha mke na mume, na ugonjwa ulikuwa ukingoja katika tendo lile lile ambalo dini imelibariki. Ugonjwa usiobagua baina ya kitanda cha halali na cha haramu, ambao umewapata wake watulivu kwa makosa ya waume zao na watoto wachanga kwa makosa ya ambao hawajawahi kuwaona, hauwezi kuitwa boma la maadili bila ya kumsingizia Mwenyezi Mungu ujenzi mbaya. Na wanaosema kwamba kujikinga ni kushindana na kadari wamesahau habari za Khalifa Umar alipofika Sargh, akaambiwa kwamba tauni imeingia Sham, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida alipomlaumu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu, jibu lake lilikuwa kwamba anatoka katika kadari moja ya Mungu na kuingia katika nyingine. Kidonge nacho ni kadari.

Lakini si insafu kuchukua ushahidi wa wanandoa peke yao na kuliacha jua lizame hapo. Katika nchi za mbali, ambako dawa hii imechukuliwa zaidi na wanaume wanaolala na wanaume wenzao, mambo hayakuwa mepesi hivyo. Utafiti wa kwanza ulioithibitisha, uliochapishwa mwaka 2010, uliwahusu watu 2,499 wa jamaa hiyo katika Peru, Ekwado, Brazili, Marekani, Afrika ya Kusini na Tailandi, na haukuona kwamba waliodhani wanameza dawa halisi walizidi kujihatarisha. Na ule wa Uingereza, uliowachukua wanaume 544 na kuwapa nusu yao dawa papo hapo na nusu baada ya mwaka, ulipata maambukizo 3 upande wa kwanza na 20 upande wa pili, bila ya tofauti ya kutajika katika kisonono na kaswende. Hata hivyo, dawa ilipotoka mikononi mwa watafiti na kuwafikia watu wengi kwa pamoja, tabia ilianza kugeuka. Katika Sydney na Melbourne, wanaume wa jamaa hiyo waliokuwa wakitumia dawa walikuwa asilimia 2 mwaka 2013, wakawa asilimia 24 mwaka 2017. Na katika muda huo huo waliosema kwamba hutumia mpira kila mara na wenzi wa kupita walishuka kutoka asilimia 46 hadi 31. Upungufu huo haukuwa wa wanaomeza dawa peke yao: walikuwamo wasiomeza, waliokuwa wakistarehe chini ya mwavuli ulioshikwa na wengine.

Je, boma basi limebomoka? Virusi vyenyewe havikusema hivyo, kwa kuwa katika jimbo la New South Wales, wanaume 3,700 walipopewa dawa kwa haraka kuanzia mwaka 2016, maambukizo ya karibuni yalishuka kutoka 149 hadi 102 baina ya mwaka uliotangulia na uliofuata. Kisonono, klamidia na kaswende, ambazo kidonge hakizizuii hata chembe, ziliendelea na safari zao. Lililonivutia zaidi ni la jimbo jirani la Victoria, ambako watu 2,981 walifuatiliwa, na ikaonekana kwamba zaidi ya nusu yao hawakupata maradhi yoyote ya zinaa katika muda wote huo, ilhali 736 peke yao, yaani robo, walibeba asilimia 76 ya maambukizo yote yaliyogunduliwa. Dawa ni moja, kipimo ni kimoja, jimbo ni moja. Watu hawakuwa wamoja. Anayenena habari ya vile dawa inavyowafanya wanaume, kama kwamba wanaume ni udongo uliofinyangwa siku moja, azitazame tarakimu hizo kwa makini, maana ndani yake mna wazembe, mna wenye hadhari, na mna wale ambao walikuja kliniki kwa sababu tayari walikuwa wakijijua. Hao wa mwisho ndio ninaotaka kuwasemea, kwa kuwa sijaona wengi wakiwasemea.

Mpira hukaa mfukoni au dukani, na mtu hupata kuukumbuka au kuusahau katika saa ambayo akili yake imekwisha jiuzulu na matamanio yameshika hatamu; kwa hivyo huwa rahisi kwake, jua likichomoza, kusema kwamba lilitokea tu, kwamba shetani alimpitia, kwamba pombe ilikuwa kali. Kidonge hakingoji saa hiyo. Humezwa asubuhi pamoja na chai, na mtu aliyelala akaamka, ambaye wakati ule hatamani kitu isipokuwa mkate. Na kukimeza kwake ni kukiri, mbele ya nafsi yake na bila ya shahidi, kwamba yeye ndiye yule anayeweza kufanya lile. Mpinzani huona hapo dhambi juu ya dhambi. Huyo, husema, amenuia zinaa tangu alfajiri, na kosa la kukusudia ni zito kuliko kosa la kuteleza. Afadhali dereva wa lori aliyetoka Mombasa akiwa na azma ya kufika Malaba salama kwa mkewe mmoja, akaanguka njiani, kuliko yule aliyeondoka na chupa ya vidonge mkobani.

Hapa hatukubaliani, na naomba nieleze kwa kituo. Mwanamume anayeteleza kila mwisho wa mwezi penye jiwe lile lile hakuteleza. Alichofanya ni kuipanga ghafla yake kwa ustadi, akihakikisha kwamba hajui atakalofanya mpaka awe amekwisha kulifanya; na kutojua huko, ambako mbele ya watu huonekana kuwa udhaifu wa kuhurumiwa, mbele ya dhamiri ni uongo ulioandaliwa mapema. Mwenye kidonge ameupoteza uongo huo. Ndani ya moyo wake zaweza kuwamo nia mbili zisizofanana, moja ya tendo ambalo dini yake hailikubali, na ya pili kwamba tendo hilo, likiwa, lisimuue mkewe aliye nyumbani wala lisimfikie mtoto aliye tumboni. Na wanazuoni wa sharia, ambao wamekuwa wakitenganisha makosa baina ya mja na Mola wake na makosa baina ya mja na mja mwenziwe, wanajua kwamba la pili ndilo gumu zaidi kulipa. Kosa lake la kwanza linabaki kuwa kosa, wala sijaona mahali popote kwamba tabibu hutoa msamaha pamoja na dawa. Ila kwa lile la pili ameweka dhamana kabla ya deni.

Isitoshe, asubuhi hurudi. Anayeungama mara moja kwa mwaka aweza kujisahau siku zote zilizobaki, lakini huyu huulizwa kila siku, na chombo kisichokuwa na sauti wala hasira, kama leo bado angali yule wa jana. Matabibu wenyewe hawamlazimishi kuendelea milele: dawa hii hutumiwa kwa majira ya hatari, na mtu akiona kwamba maisha yake yamebadilika huiacha kwa utaratibu aliofundishwa. Wako walioiacha kwa sababu wameoa, wengine kwa sababu wamechoka na maisha yale, na wengine, kwa bahati mbaya, kwa sababu wamesahau tu. Kuitazama chupa na kujiambia kwamba siihitaji tena, na maneno hayo yakawa kweli, ni namna ya toba ambayo vitabu vya zamani havikuipigia hesabu.

Na kwa kuwa nimetaja uongo, itafaa niseme pia kwamba sehemu yake kubwa hutoka kwetu. Katika ule utafiti wa watu 2,499, dawa ilipunguza maambukizo kwa asilimia 44 tu, na sababu yake haikuwa udhaifu wa dawa: damu ilipopimwa, miongoni mwa waliopangiwa kidonge halisi na wakabaki wazima, kama nusu tu ndio walioonekana kuwa na dawa mwilini, na miongoni mwa walioambukizwa walikuwa asilimia 9. Mdomo ulisema nimemeza, damu ilikana. Watu hawa hawakuwa wajinga. Kidonge chao ni ndugu wa vile vinavyomezwa na wagonjwa, chupa yake hulia kama kayamba mtu anapotembea nayo, na jirani aliyeiona hangojei maelezo. Tangu Kenya ilipoanza kuitoa nchi nzima, Mei 2017, malalamiko hayo yamesikika pwani na bara, ya mwanamume aliyeihamisha dawa katika karatasi au akaificha darini, kisha siku zikapita bila ya kuifikia. Aibu inayomfanya mtu auache ulinzi wake ili asionekane kuwa mwasherati, huku uasherati wenyewe ukiendelea, ni zao la mahubiri yetu yaliyojali sura kuliko roho, na lau ningalikuwa imamu au padri ningaliona haya kuyakusanya mavuno hayo.

Lililo haki kumdai mtumiaji wa dawa, kwa maoni yangu, ni jingine na ni kubwa kuliko woga. Alipokuwa hana kinga, hadhari yake ilikuwa juu ya mwili wake. Sasa mwili wake umesalimika kwa virusi, amebaki na miili ya wengine. Kwenda kupimwa kila miezi mitatu, kumwambia mwenzi kwamba una kisonono kabla hajajigundulia mwenyewe, kutoificha kaswende iliyokwisha onekana kwa kipimo, kutolitumia neno kwamba niko kwenye dawa kama karata ya kumnyamazisha mwanamke anayetaka mpira, haya ni mambo ya amana, na khofu haikuwahi kuyafundisha. Khofu ilimfundisha mtu kukimbia, na mwenye kukimbia hageuki nyuma kuona nani amebaki.

Sasa hoja hii yangu yote ya kidonge cha asubuhi imeanza kuzeeka kabla wino haujakauka. Juni 2025 Marekani iliidhinisha sindano ya lenakapaviri, ambayo hudungwa chini ya ngozi mara mbili tu kwa mwaka, na mwezi uliofuata, katika mkutano uliofanyika Kigali, Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri kwamba itumiwe. Katika majaribio yake ya wanaume wanaolala na wanaume na watu wengine wa jinsia mbalimbali, wawili tu kati ya watu 2,179 waliodungwa ndio walioambukizwa. Haina chupa ya kulia mkobani, haina la kuficha darini, na damu na mdomo vitasema neno moja. Kwa uhai wa watu sioni cha kuilinganisha nayo. Ila sindano haina asubuhi. Yule mtu niliyemsifu kwa kujikiri kila siku pamoja na chai yake atakiri mara mbili kwa mwaka, mbele ya mwuguzi mwenye foleni nje ya mlango, na katika miezi sita iliyo katikati hapatakuwa na kitu mezani cha kumwuliza yeye ni nani. Swali hilo itabidi liulizwe na mwanadamu, naye awe ni mtu ambaye mwanamume anaweza kumjibu bila ya kudanganya. Hapo ndipo kazi ya wanazuoni wetu inapoanza, na hadi sasa wengi wao wangali wakibishana juu ya kidonge.